Ukimya wa Dakika Mbili: Panki Mbele ya Madhabahu

Kuna santuri ya bendi moja ya Uingereza, iliyorekodiwa mwaka 1978, ambayo ukiweka sindano mwanzo kabisa husikii kitu. Si mbovu. Ni ukimya wa dakika mbili uliowekwa kwa makusudi, nao umepewa jina kama wimbo mwingine wowote: Sauti ya Uhuru wa Kusema. Awali mahali pale palikuwa na kazi halisi, sauti ya mwanamke akiusema msalaba na wanaoutumia, bila huruma. Wafanyakazi wa kiwanda cha kuchapa santuri huko Ireland waliposikia kilichomo, wakagoma. Hii hatuchapi. Bendi hiyo, Crass, ikautoa wimbo na kuliacha pengo liseme lenyewe.

Pengo hilo ndilo lililonivuta kwenye historia hii. Maana ukimuuliza mtu panki na dini vinahusiana vipi, atakujibu haraka: vijana wenye nywele zilizosimama walimtukana Mungu, basi, hakuna zaidi. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka kadhaa sasa, na nimejifunza kuogopa jibu linalokuja haraka namna hiyo. Nilipoanza kusikiliza nyimbo, kusoma habari za kesi na kutazama majalada ya santuri, nilikuta kwamba kazi zilizodumu hazimlengi Mungu. Zinamlenga mtu aliyesimama mlangoni kwa Mungu akikusanya kiingilio. Na karibu kila mara, huyo bwana wa mlangoni akiguswa, hasemi ameguswa yeye. Anasema Mungu katukanwa, waumini wameumizwa, iteni polisi.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wetu tulilisikia "panki" kwa kinyozi kabla ya kulisikia redioni. Lilikuwa jina la mtindo wa nywele. Kumbe nywele ni mkia tu, mnyama mwenyewe ni mkubwa. Muziki huu ulichomoza New York na London katikati ya miaka ya 1970: gitaa, besi, ngoma, nyimbo fupi, kasi kubwa. Lakini zaidi ya mlio, ulikuwa na msimamo. Huhitaji ruhusa ya mtu ili upande jukwaani. Hujui kupiga gitaa? Jifunze kidogo, mengine utajifunza mbele ya watu. Kampuni haikutaki? Rekodi mwenyewe. Hakuna gazeti linaloandika habari zako? Andika lako, kaprinti fotokopi.

Sasa utazame msimamo huo kwa jicho la mtu aliyesoma historia ya kanisa. Ni msimamo wa Luther kabisa: hakuna haja ya kasisi katikati yako na kile unachokiamini. Ndiyo maana mimi naona ugomvi wa panki na dini ni ugomvi wa ndugu, na ugomvi wa ndugu ndio huwa mkali.

Turudi Uingereza. Ili kuelewa kwa nini kiwanda kiligoma, kumbuka kilichotokea mwaka mmoja kabla. Mwaka 1977 mama mmoja mwanaharakati wa maadili, Mary Whitehouse, alilifikisha mahakamani gazeti la mashoga lililoitwa Gay News kwa kuchapisha shairi kuhusu mwili wa Kristo baada ya kusulubiwa. Alishinda. Mhariri, Denis Lemon, alitozwa faini na kupewa kifungo cha nje, ingawa kifungo hicho kilifutwa baadaye kwenye rufaa. Ilikuwa zaidi ya miaka 50 tangu mtu atiwe hatiani Uingereza kwa kukufuru. Watu walidhani sheria ile imekufa. Kumbe ilikuwa imelala tu. Na Ireland, kilipokuwa kiwanda, kukufuru kulikuwa kosa lililotajwa ndani ya katiba yenyewe, na kulibaki humo hadi kura ya maoni ya mwaka 2018.

Kwa hiyo kina Crass, kundi la watu walioishi pamoja kwenye nyumba ya shamba huko Essex, walijua wanachezea nini. Hawakunyamaza. Mwaka 1979 waliurekodi upya wimbo uliokataliwa na kuutoa wenyewe, kwa lebo yao wenyewe. Polisi wakaja kuuliza maswali. Mwishowe hakuna aliyeshtakiwa.

Nitasema ukweli wangu hapa. Wimbo wenyewe, mimi haunigusi sana. Ni ghadhabu tupu, na ghadhabu tupu huchosha hata kama ina haki. Kinachonigusa ni jina la santuri nzima: Kulishwa kwa Watu 5,000. Kiwanda kilikuwa hakikubali kuchapa chini ya nakala 5,000, na wao hawakuwa na uhakika kama watazimaliza hata nusu. Basi wakachukua muujiza wa mikate na samaki wakaupachika kwenye masharti ya kiwanda. Hiyo ndiyo kejeli. Anayeichekea lazima aijue Injili. Na ule ukimya wa dakika mbili ni kejeli kubwa zaidi, maana haukuandikwa na bendi peke yake. Umeandikwa nusu na bendi, nusu na aliyewakataza.

Wakati hayo yakiendelea, ng'ambo ya Atlantiki dini ilikuwa inafanya biashara ya aina nyingine kabisa. Marekani maneno "Tunamtumaini Mungu" yamekuwa kwenye sarafu tangu mwaka 1864, na mwaka 1956 yakafanywa rasmi kuwa kauli mbiu ya taifa. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, ambaye tayari alikuwa na kanisa kubwa na kipindi cha televisheni, alianzisha jumuiya ya kisiasa aliyoiita Moral Majority, yaani wengi wenye maadili. Kazi yake ilikuwa kuwaandikisha Wakristo wahafidhina kupiga kura na kuwaelekeza upande. Mwaka uliofuata Ronald Reagan akachaguliwa kuwa rais.

Dead Kennedys, bendi ya San Francisco, walijibu mwishoni mwa 1981 kwa santuri fupi yenye nyimbo nane. Walichukua kauli mbiu ile ya sarafu na kuongeza neno moja tu mwishoni, lile linalowekwa nyuma ya jina la kampuni iliyosajiliwa. Kwetu ingekuwa kama kuandika mlangoni: Tunamtumaini Mungu Limited. Jalada, kazi ya msanii Winston Smith, linaonyesha Yesu wa rangi ya dhahabu aliyesulubiwa juu ya msalaba uliotengenezwa kwa noti za dola. Huhitaji kusikia hata noti moja ya gitaa ili uelewe. Na angalia vizuri: aliyesulubiwa pale si mkosaji. Ni mwathirika. Picha ile haimcheki Yesu, inauliza nani kampigilia misumari kwenye hela.

Sikiliza sasa jinsi uhalisia ulivyokuja kuipita kejeli. Mwaka 1987 mhubiri wa televisheni Oral Roberts aliwatangazia watazamaji kwamba asipopata dola milioni 8, Mungu atamwita nyumbani. Yaani atakufa. Hela zikaja. Mwaka huohuo Jim Bakker, aliyekuwa na televisheni yake ya injili na hata kiwanja chake cha starehe cha Kikristo, aliachia ngazi kwa kashfa. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa utapeli na kupewa kifungo cha miaka 45, ambacho baadaye kilipunguzwa. Na ni mwaka huohuo wa 1987 ambapo Los Angeles ilimpandisha kizimbani Jello Biafra, mwimbaji wa Dead Kennedys.

Kwa kosa gani? Hapa niwe mwangalifu, maana watu hupenda kuichanganya hadithi hii. Hakushtakiwa kwa kuikejeli dini. Alishtakiwa kwa sababu albamu yao ya 1985, Frankenchrist, iliambatana na bango la mchoro wa H. R. Giger, Mswisi yuleyule aliyebuni jitu la filamu ya Alien, na mchoro huo ulikuwa wa viungo vya siri. Shtaka: kusambaza vitu vyenye madhara kwa watoto. Wananchi waliokaa jopo la kuamua waligawanyika, saba kwa watano, wengi wakitaka aachiwe, na kesi ikafutwa. Bendi ilikuwa imeshavunjika mwaka uliotangulia. Lakini weka mambo mawili hayo kwenye mizani ya mwaka mmoja. Taifa lililokuwa likimtazama mzee akiomba dola milioni 8 kwa kutishia kifo chake mwenyewe, lilikuwa na muda wa kumfikisha mahakamani mwanamuziki kwa ajili ya bango.

Katika mji huohuo wa Los Angeles, vijana wa sekondari walikuwa wameanzisha bendi mwaka 1980 na kuiita Bad Religion. Alama yao ni msalaba uliopigwa mstari mwekundu, kama kibao cha barabarani cha kukataza kupita. Kijana wa miaka 16 akivaa fulana ile nyumbani kwa wazazi wake, kimbembe. Ni alama ya kitoto, tuseme wazi, na ilichorwa na watu waliokuwa bado watoto. Ila bendi iliendelea, nao wakakua, na kukua kwao ndiko kunakonivutia.

Mwimbaji wao, Greg Graffin, alikwenda hadi kupata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell, kwa utafiti uliohusu imani za wanabiolojia wa mageuko. Mwaka 2006 alitoa kitabu pamoja na Preston Jones, mwanahistoria Mkristo, ambacho ni barua pepe walizoandikiana wakibishana kama kumwamini Mungu ni jambo jema, baya au lisilo na maana. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Walibishana kama watu wazima, wakaagana. Halafu mwaka 2013, bendi hiyohiyo yenye msalaba uliopigwa mstari ikatoa albamu ya nyimbo za Krismasi. Si mzaha wa kubadilisha maneno. Waliimba nyimbo zilezile tunazoziimba usiku wa mkesha, kwa kasi yao, kwa uaminifu wa mtu aliyezijua tangu utotoni. Sehemu ya mapato ikaenda kwa shirika la watu walionyanyaswa kingono na mapadre.

Hapo mimi nilisimamisha kusikiliza kwa muda. Fikiria hiyo hesabu: wimbo wa kuzaliwa kwa mtoto, ukiwalipia waliokuwa watoto wakaharibiwa na waliopaswa kuwalea. Hakuna tusi hata moja katika albamu nzima. Na sijui kejeli nyingine iliyowahi kumweka kiongozi wa kanisa mahali pagumu zaidi ya pale.

Niseme pia upande wa pili, maana makala haya yasiwe nyimbo za kusifu. Sehemu kubwa ya panki inayogusa dini ni takataka. Kuna bendi nyingi ambazo wazo lao lote ni kugeuza msalaba kichwa chini, kumwita padri jina baya na kwenda nyumbani. Mimi nimekulia kanisani. Nimeimba kwaya, nimekaa mezani Jumapili mchana nikisaidia kuhesabu sadaka, noti zilizokunjwa mara nne na sarafu zenye jasho. Ukishahesabu sarafu zile huwezi tena kumcheka aliyezitoa. Mama anayeuza maandazi wiki nzima halafu anatoa shilingi mia tano akiwa amepiga magoti, huyo si mjinga na si sehemu ya mpango wowote. Kejeli inayompiga yeye ili kumfikia askofu ni kejeli ya mvivu. Imerusha jiwe kwa mwenye jumba, ikampata mpita njia.

Kwa hiyo nauliza kila kazi swali hili: huyu mwenye kukejeli, anaijua sala? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na katika jambo hili nguo hujulikana vizuri na anayeivaa. Aliye nje anaona joho tu. Aliye ndani anajua lilipochanika.

Mfano bora wa aliye ndani haukuanza na gitaa. Ulianza na riwaya, na ndiyo maana unatuhusu sisi wasomaji. Michael Muhammad Knight ni Mmarekani aliyesilimu akiwa kijana, akaenda hadi Islamabad kusoma dini, akarudi na imani iliyojaa maswali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliandika riwaya aliyoiita The Taqwacores. Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa nusu ya kwanza ya neno hilo: taqwa, kumcha Mungu, neno tunalolisikia kila khutba ya Ijumaa. Nusu ya pili imekatwa kutoka jina la panki ya kasi. Ni hadithi ya nyumba moja huko Buffalo, New York, wanamoishi vijana Waislamu wa panki. Sebule ileile ndiyo ukumbi wa sherehe na ndiyo msikiti wa Ijumaa. Mmoja wao huadhini juu ya paa kwa gitaa la umeme. Msichana mmoja huvaa burka iliyoshonewa nembo za bendi, na yeye ndiye, kati ya wote, anayejua kuhoji tafsiri za aya.

Knight alitoa nakala zake mwenyewe kwa fotokopi na kuzigawa kwa mkono. Baadaye zilianza kusambazwa na Alternative Tentacles, lebo ya Jello Biafra yuleyule, kisha zikapata mchapishaji. Kilichofuata ni kitu ambacho waandishi wengi hukiota tu. Bendi zilizokuwa za kubuni ndani ya kitabu zikapata ndugu wa nyama na damu. Vijana Waislamu Marekani na Kanada wakasoma, wakajiona, wakaanzisha bendi. The Kominas wa Boston walichukua jina kutoka Kipunjabi, lenye maana ya watu wahuni. Mwaka 2007 walizunguka miji kwa basi pamoja na wenzao, wakajitokeza kwenye mkutano mkubwa wa Waislamu karibu na Chicago, wakapanda jukwaa lililokuwa wazi kwa vipaji. Wakaondolewa, polisi wakaitwa.

Wale hawakuwa wakiuacha Uislamu. Ndiyo hoja yangu yote. Walikuwa wamebanwa pande mbili: nchi iliyowaona magaidi baada ya Septemba 2001, na wazee waliowaona wamepotea. Walikejeli pande zote mbili kwa sababu walitaka nafasi ya kusali bila kuomba kibali cha yeyote. Kiwanda kule Ireland kilisema hatuchapi. Mkutano wa Chicago ukasema shukeni jukwaani. Lugha tofauti, mlango uleule.

Na sasa Moscow, ambako mlango ulikuwa na funguo za gereza.

Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi lina historia ambayo peke yake ni riwaya. Lilijengwa karne ya 19 kumshukuru Mungu kwa ushindi dhidi ya Napoleon. Desemba 1931 Stalin alililipua ili ajenge jumba kuu la Wasovieti, jumba ambalo halikujengwa kamwe. Shimo la msingi wake likaja kugeuzwa bwawa la kuogelea la wazi. Baada ya dola la Kisovieti kuanguka, kanisa likajengwa upya katika miaka ya 1990 na kuwekwa wakfu mwaka 2000. Likawa mahali ambapo siku za sikukuu viongozi wa nchi husimama mbele, wakiwa na mishumaa, kamera zikiwatazama.

Februari 2012, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, Patriaki Kirill aliuelezea utawala wa Vladimir Putin kuwa ni muujiza wa Mungu. Tarehe 21 ya mwezi huohuo, wanawake wa kundi la Pussy Riot, nyuso zao zikiwa ndani ya kofia za sufi za rangi kali, waliingia kanisani humo, wakapanda mbele ya madhabahu na kuanza sala yao ya panki. Walimwomba Mama wa Mungu amwondoe Putin. Hawakufika dakika moja, walinzi wakawatoa. Kiitikio chao kilichukua sauti ya wimbo wa Bikira Maria kutoka Mkesha wa Usiku Kucha wa Rachmaninoff. Hebu tulia hapo kidogo. Hao wanaoitwa maadui wa dini walikuwa wameusoma muziki wa kanisa lao vizuri kuliko wengi wanaoingia humo na mishumaa.

Tarehe 17 Agosti 2012 wanawake watatu, Nadezhda Tolokonnikova, Maria Alyokhina na Yekaterina Samutsevich, walihukumiwa miaka miwili kila mmoja kwa uhuni uliochochewa na chuki ya kidini. Samutsevich aliachiwa Oktoba kwa kifungo cha nje baada ya rufaa; wawili walibaki kwenye kambi za wafungwa, mbali na watoto wao wadogo, hadi msamaha wa Desemba 2013. Ajabu ya kesi ile ni jinsi jina la Putin lilivyosukumwa pembeni. Mashtaka yalishikilia kwamba si siasa, ni chuki dhidi ya waumini tu. Yaani sala inayomtaja rais kwenye kichwa chake, mahakama ikasema haimhusu rais.

Na waumini walikuwapo kweli. Walalamikaji walikuwa watumishi wa kanisa, walinzi na mama wa kutunza mishumaa, wakieleza jinsi walivyoumia. Sitawadhihaki. Ningekuwa kazini pale, mshumaa mkononi, huenda na mimi ningelia. Lakini machozi ya yule mama na hukumu ya miaka miwili ni vitu viwili. Machozi ni yake. Hukumu ni ya mwenye dola aliyeona machozi yakidondoka akakinga ndoo. Hata uongozi wa kanisa, baada ya hukumu kutoka, uliiomba dola iwahurumie. Ulisema hivyo ukiwa umechelewa, lakini ulisema.

Katika maneno yao ya mwisho mahakamani washtakiwa hawakuongea kama watu wasio na dini. Tolokonnikova alimkumbuka Stefano, shahidi wa kwanza wa kanisa, aliyepigwa mawe kwa tuhuma ya kukufuru. Urusi ina utamaduni mrefu wa wapumbavu kwa ajili ya Kristo, watakatifu waliotembea uchi au na minyororo wakiwaambia wafalme ukweli ambao hakuna askofu aliyethubutu kuusema. Lile kanisa maarufu la kuba za rangi kwenye Uwanja Mwekundu, linalopigwa picha na kila mtalii, linajulikana kwa jina la mmoja wao, Basil. Kwa hiyo Moscow ina kanisa la mpumbavu mtakatifu mjini katikati, na mwendo mfupi kutoka hapo wanawake wakakamatwa kwa kazi ileile. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria mpya ya kuadhibu kuumiza hisia za waumini, hadi miaka mitatu jela tendo likifanyika mahali pa ibada. Mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba Urusi ilikiuka haki za wanawake wale. Miaka yao jela walikuwa wameshaitumikia.

Kama unasoma hapa Dar au Nairobi ukidhani haya ni ya Wazungu, fungua kanuni ya adhabu ya nchi yako. Kenya na Tanzania zote zina vifungu kuhusu kutamka au kuandika maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu, urithi wa sheria za mkoloni Mwingereza. Uingereza yenyewe ilifuta kosa la kukufuru mwaka 2008, lile lililomnasa mhariri wa Gay News. Aliyetuachia sanduku ameshaondoa vya kwake. Sisi bado tumelikalia. Sisemi vifungu hivyo havina kazi. Katika nchi zenye dini nyingi zinazoishi ukuta kwa ukuta, kuna maneno yanayochoma nyumba, na nimewahi kuripoti mikutano ambapo maneno ya namna hiyo yalitamkwa kwa kipaza sauti. Ninachosema ni kwamba neno "hisia" ni pana. Anaweza kujificha humo mama wa maandazi, na anaweza kujificha humo mchungaji mwenye gari la kifahari anayeulizwa mahesabu.

Eliya aliwakejeli manabii wa Baali mbele ya umati, akawauliza kama mungu wao amelala usingizi. Hakuna anayemshtaki Eliya, maana alishinda. Walioshindwa ndio huitwa wahuni. Ila wanaosoma Maandiko hayo kila Jumapili wanajua kwamba dini yao yenyewe imehifadhi dhihaka hiyo, ikaiweka ndani ya kitabu kitakatifu, ikaisoma kwa sauti. Iliona ina kazi.

Ndiyo maana nikiulizwa nianze wapi kusikiliza panki na dini, siwatumi watu kwenye kelele kwanza. Nawatuma kwenye zile dakika mbili za Crass. Keti, sikiliza pale ambapo hakuna kitu, halafu jiulize ni nani aliyenufaika na ukimya ule. Sidhani kama alikuwa Mungu. Yeye amesikia mabaya zaidi ya hayo, mengine kutoka kwa Ayubu, na hakumwita polisi.